Sikio la Aukuso, Sauti ya Siniva

Novemba 4, Jumanne

Mvua imeanza leo asubuhi, nami nimeanza kuandika. Daftari hili lilikuwa la vipimo vya nguo za watu. Nimeligeuza nikaanzia nyuma. Kuanzia sasa hadi Machi nguo hazitakauka, wageni watapungua, na bati la paa letu litapiga kelele usiku na mchana. Mtu wa kuzungumza naye ni Aukuso, mume wangu, ambaye siku hizi hunijibu akipenda. Nikimwita mara ya kwanza hainui hata kichwa. Nikimwita mara ya pili ananiuliza mbona ninanong'ona. Mimi, ambaye kwenye kwaya nimeambiwa mara ngapi nipunguze sauti.

Esekielu amefika kutoka Auckland, na pikapu yake imeteremshwa bandarini Apia jana. Ni mtoto wa wifi yangu Siniva, dada wa pekee wa Aukuso, aliyefia kule na tukamzika hapa mbele ya nyumba mwezi wa Juni. Februari tutafunua kaburi lake, yaani kuliondolea shuka likiwa limeshajengewa mawe. Esekielu anataka siku hiyo mama yake asikike. Upo wimbo wa kwaya yetu uliorekodiwa zamani, na ubeti wa tatu Siniva anauimba peke yake. Pikapu itaegeshwa kando ya kaburi milango wazi, kijiji kizima kimeketi, na sauti itoke humo. Kazi ya kufunga spika ni ya Aukuso. Mwingine nani? Wenye mabasi wanatoka hata upande wa pili wa kisiwa kumfuata. Hufumba macho, gari likapiga wimbo mmoja, akakuambia mlango wa kushoto una skrubu iliyolegea, na kweli unaikuta. Watu husema "sikio la Aukuso" kama wanavyosema neno la Mchungaji.

Novemba 6, Alhamisi

Wamebishana mchana kutwa, mjomba na mpwa. Mimi nilikuwa nashona hapo hapo bandani, anapofanyia kazi Aukuso, kwa sababu ndiko kwenye mwanga, kwa hiyo nimelielewa jambo lenyewe kuliko nilivyotaka.

Wimbo ukitoka kwenye redio ya gari huwa umechanganyika. Sauti nene zinatakiwa ziende kwenye spika kubwa ya mlangoni, nyembamba ziende kwenye spika ndogo ya juu, ile isiyozidi kifungo cha koti. Ukiipelekea hiyo ndogo sauti nene, inaungua. Lazima basi pawe na kitu cha kuzigawa, nacho wanakiita krosova, na ziko za aina mbili. Pasivu ni kikasha chenye nyaya zilizozungushwa, hukaa kati ya amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, na spika. Aliyekitengeneza ameshaamua sauti igawanyike wapi, ukikifunga umekifunga, hakina kitufe. Aktivu hugawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, kila spika inapata amplifaya yake, na kila kitu unakipanga mwenyewe: ikatwe wapi, hii ipewe nguvu kiasi gani, ile icheleweshwe kidogo. Ikipata mtu mwenye sikio, hakuna ya kuishinda. Ikimkosa, ni balaa.

Esekielu ameleta aktivu, na amplifaya nne za kwenda nayo. Cha ajabu Aukuso hakuitaka. Mwanamume aliyekuwa akivicheka vikasha vya pasivu leo ndiye anavitetea.

"Gari litasimama uani, mtu ataimba," alisema. "Pasivu inatosha. Unataka nini zaidi?"

"Mjomba, kikasha hicho fundi yeyote wa Auckland angenifungia. Hili gari nimelipakia melini kwa ajili ya sikio lako."

Aukuso alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Mwishowe akasema haya, lete. Wakati wa chakula nikamtania kwamba amesifiwa kidogo tu akalainika kama mkate kwenye kakao. Hakucheka wala hakukasirika. Aliendelea kula taro yake, gimbi la kuchemsha.

Novemba 9, Jumapili

Mvua. Kanisa, chakula, kulala.

Novemba 15, Jumamosi

Mvua. Nguo za kwaya za siku ya kufunua kaburi zitakuwa nyeupe, za kola ya lesi. Nimekata tatu. Nilimwomba Aukuso mara nne anisogezee meza. Ameniambia hakusikia, ni mvua kwenye bati. Meza nimeisogeza mwenyewe.

Novemba 20, Alhamisi

Aktivu imefungwa. Wameniita niketi kwenye kiti cha mbele nisikilize, Esekielu nyuma, Aukuso kwenye usukani akiwa na kile kifaa cha kupangia.

Ubeti wa kwanza ni kwaya nzima, nao ulinipeleka mbali, maana mle ndani nilijisikia hata mimi nilivyokuwa na miaka thelathini. Kisha akaingia Siniva, nami nikaruka. Kila penye "s" palinichoma sikioni. Ilikuwa ni sauti yake, ndiyo, lakini kama imechongwa ncha.

Aukuso alifumba macho, akatikisa kichwa. Alisema Siniva yuko nyuma sana, amefunikwa na wanaume wa besi. Akapandisha zile spika ndogo. Nikasema zimezidi, naye akasema ni mvua hiyo kwenye bati, ikinyamaza nitasikia anachokisikia yeye. Esekielu alinitazama kwenye kioo. Nani abishane na sikio la Aukuso? Usiku nimelala nikijiuliza kama ni masikio yangu ndiyo yamezeeka.

Novemba 27, Alhamisi

Mvua. Kila siku akiamka anakwenda bandani kabla ya chai na kumpandisha Siniva kidogo. Ukimuuliza anasema bado hajatoka mbele.

Desemba 2, Jumanne

Naandika kwa hasira.

Kila jioni kwa Mchungaji hugongwa mtungi mtupu wa gesi, ule uliotundikwa kwenye mti. Kengele ya kwanza, kila mtu arudi nyumbani. Ya pili, sala imeanza: hakuna kutembea, hakuna gari, hakuna muziki, na vijana wa kijiji wanasimama barabarani kuhakikisha. Ya tatu, sala imekwisha. Hata wanaotoka ng'ambo wanalijua hilo. Hata mbwa, naapa, wanalijua.

Leo imegongwa ya pili na bandani kwetu wimbo unaendelea. Nilikuwa nimeshaketi mkekani na Esekielu, Biblia mkononi. Nikatoka mlangoni nikampungia mkono anyamazishe. Aukuso aliniona. Akanipungia na yeye, akitabasamu, kama mtu anayeambiwa chakula kiko tayari. Nikapunga tena. Akapunga tena. Vijana wawili wakaja wakasimama langoni kwetu, wakiwa wameinamisha nyuso kwa aibu, maana ni watoto tuliowaona wakizaliwa. Ndipo alipowaona wao akazima.

Nilimuuliza anataka kunionyesha nini. Alisema alikuwa amezama kwenye kazi. Tukasali. Sikusema amina.

Desemba 5, Ijumaa

Baraza la wazee limekaa. Sisi wake tulikuwa nje upande wa jikoni, na nyumba ya mkutano haina kuta, kwa hiyo nilisikia kila neno. Mzee Lefau, ambaye ndiye mkuu wetu, alimuuliza taratibu, kwa heshima kabisa.

"Aukuso, siku ile kengele hukuisikia?"

Mvua ilikuwa inanyesha jioni ile, kila mtu anajua. Angesema ni mvua, kama anavyoniambia mimi kutwa, na wangemwachia hapo. Wenzake walianza kujisogezasogeza kwenye mikeka.

"Niliisikia," akasema. "Nilitaka nimalize kazi kwanza."

Pakawa na mnong'ono. Lefau alimwambia mbele ya wote kwamba hicho ni kiburi, na kwamba hakutegemea neno kama hilo kutoka kwake. Faini ni nguruwe mmoja na makatoni ya samaki wa kopo, vyote vigawanywe kijijini. Aukuso aliinama akapokea.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi na sikuwahi kumwona akimkaidi mkubwa wake. Simwelewi, na leo sitaki hata kumwelewa.

Desemba 12, Ijumaa

Mvua. Faini imelipwa. Nguruwe alikuwa yule niliyemlenga kwa Krismasi.

Desemba 25, Alhamisi

Krismasi. Kuku badala ya nguruwe. Watu walikuja kusalimia, lakini walikaa mwisho wa mkeka na kuondoka mapema.

Januari 2, Ijumaa

Tahadhari ya kimbunga, kisha ikaondolewa. Tumefunga madirisha kwa mbao na kuyafungua tena. Aukuso alikaa kwenye pikapu wakati wote wa upepo.

Januari 9, Ijumaa

Leo walikuja wanawake wa kwaya kujaribu nguo, na Esekielu akataka wasikilize wimbo. Walisimama kuzunguka pikapu chini ya banda, mvua nyuma yao, mke wa Mchungaji mbele. Ubeti wa kwanza waliimba pamoja nao. Wa pili, wakaanza kulia. Alipoingia Siniva kwenye wa tatu, mke wa Mchungaji alishika masikio. Wengine wakakunja nyuso. Mmoja alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Aukuso alikuwa amefumba macho na mkono wake ulikuwa kwenye kifaa, unapandisha. Halafu ikasikika "tap" ndogo, harufu ya kuungua, na spika ndogo ya upande wa dereva ikafa. Alikuwa bado anapandisha.

Wanawake walisema nguo ni nzuri sana. Wakaondoka nazo chini ya miavuli.

Esekielu alichukua kile kifaa akakitazama. Ni kijana mpole, lakini leo alikuwa na sura ya mama yake alipokuwa amekasirika.

"Mjomba, hii umeipandisha hadi mwisho. Na umeikata chini sana, inapata sauti nene, ndiyo maana imeungua. Hata mimi nisiyejua naona."

"Nani ana sikio hapa? Wewe au mimi?"

"Wamekunja nyuso, mjomba. Mama yangu anaimba na watu wanaziba masikio."

Aukuso alitoka bandani bila koti, akaenda akasimama kaburini kwenye mvua. Kaka na dada kwetu wamefungwa agano, na yeye alilibeba kuliko wengi niliowaona: samaki mzuri kwa Siniva kwanza, mkeka mzuri kwa Siniva kwanza, hata tulipokuwa hatuna. Nilimwangalia kutoka mlangoni. Nilitaka kumwita aingie ndani, kisha nikawaza kwamba hatanijibu, nikaacha.

Januari 10, Jumamosi

Mvua. Spika nyingine za akiba zimefungwa. Februari saba, siku ya kufunua kaburi, imekaribia.

Januari 17, Jumamosi

Leo mvua imenyamaza.

Niliamka nikidhani nimeugua, kwa jinsi palivyokuwa kimya. Tangu Novemba sikuwa nimesikia nyumba hii bila bati kupiga kelele. Nilisikia jirani akifagia. Nilisikia maji yakidondoka kwenye migomba tone moja moja. Esekielu alikuwa amekwenda mjini. Nikachemsha kakao, nikampelekea Aukuso bandani, maana wiki nzima tumenyimana maneno na mtu mmoja lazima aanze.

Alikuwa kwenye usukani, macho amefumba. Nilipokaribia nilisikia kitu kikanisimamisha. Alikuwa amezima spika zote akaacha zile ndogo peke yake. Ile aktivu inaruhusu hivyo. Kwa hiyo hapakuwa na wimbo wenyewe. Palikuwa na pumzi tu za Siniva, na midomo yake ikigusana, na zile "s" zake, laini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekunong'oneza ukiwa umelala. Kwa hizo tu niliujua ubeti wa tatu. Nilisimama na kikombe hadi ukaisha na kuanza upya.

Aukuso akafumbua macho akaniona.

"Meripa," akasema, "hebu niambie. Imewashwa?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama. Hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Aukuso," nikasema, "leo hakuna mvua."

"Najua."

Alinyanyua mkono akaweka ncha ya kidole kwenye ile spika ndogo, taratibu, kama unavyomgusa mtoto aliyelala.

"Nasikia mtetemo kwenye kidole," akasema. "Kwa hiyo yumo humu. Mtamsikia wote isipokuwa mimi."

Niliweka kikombe chini, nikazunguka, nikaingia nikakaa kando yake. Nililia na sikujificha. Nilimuuliza tangu lini, hakusikia. Nikamgeukia nikamuuliza tena. Alisema hajui. Alisema zilianza kupotea ncha za maneno, kisha ndege, kisha kengele. Siku ya kumzika Siniva aliona kwaya inaimba chini mno, akadhani wanawake wameishiwa nguvu kwa huzuni. Akasikitika kwa ajili yao. Ni baadaye, aliposikia wakisifiwa kwamba waliimba kwa sauti kuu, ndipo alipoelewa.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuliambia baraza. Alisema kiburi mtu husamehewa akilipa nguruwe. Lakini fundi asiyesikia, nani atamletea gari?

Kakao ilipoa pale chini ikaingia wadudu. Mambo mengi niliyokuwa nimeyaandika humu nimeyasoma tena usiku huu, kuhusu kutojibiwa, na meza, na taro. Nimeyaacha yalivyo. Lakini mtu niliyekuwa nikimwandika hayupo. Aliyekuwepo ni mwingine, na alikuwa na hofu.

Januari 18, Jumapili

Kanisani nilijaribu kuisikiliza kwaya kama anavyoisikia yeye. Niliwaondoa wasichana, nikaondoa sauti yangu, nikabakiza wanaume. Ni kanisa lenye giza.

Januari 21, Jumatano

Tumekwenda Apia kupimwa. Mpimaji alimwekea vitu masikioni akamwambia anyanyue kidole kila akisikia mlio. Mara nyingi mimi nilisikia kimlio kile kutoka pembeni na kidole chake hakikunyanyuka. Ni miaka yote ya kukaa ndani ya magari yenye sauti kubwa, alisema mpimaji. Zile nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, nazo hazirudi. Kuna vifaa vya kusaidia kusikia, jina lake limeandikwa, itachukua miezi.

Nimejifunza kumgeukia ninapomwambia jambo. Wiki hii tumezungumza kuliko mwaka mzima uliopita. Njiani kurudi nilimkumbusha ule utani wa mkate na kakao, akacheka mpaka akaegesha gari.

Januari 24, Jumamosi

Mvua imerudi. Aukuso amemwambia Esekielu. Hakuzunguka, alimkalisha kwenye kreti bandani akamwambia kama alivyoniambia mimi. Esekielu aliinamisha kichwa, kisha akashika mkono wa mjomba wake na hakuuachia.

"Basi hakuna shida," akasema. "Utaniongoza, mimi nitapanga kwa masikio yangu. Aktivu tunayo tayari."

"Toa hiyo. Tunafunga pasivu."

"Kwa nini sasa? Nimekuambia nitasikiliza mimi."

"Leo utapanga, na itakuwa vizuri," Aukuso alisema. "Siku ukilala nitaingia humo peke yangu. Nitamtafuta dada yangu. Sitampata, nitapandisha kidogo. Najijua, nimefanya hivyo tangu Novemba. Mimi nataka kitu ambacho mkono wangu hauwezi kukigusa."

Aktivu imetolewa, na amplifaya mbili kati ya nne. Mchana huu Aukuso ameanza kuzungusha waya wa kikasha mwenyewe. Kazi hiyo haitaki sikio. Inataka vidole na subira, na vyote anavyo. Nilimwangalia akihesabu mizunguko kwa midomo. Tangu Juni sijamwona ametulia vile.

Januari 31, Jumamosi

Kikasha kiko tayari, limebaki jambo moja. Spika ndogo inahitaji kupunguzwa nguvu ili ilingane na kubwa, na hilo hufanywa kwa vipande vidogo vinavyoungwa kwenye waya. Ukikosea kipande, Siniva atachoma au atafifia. Mtu wa kuchagua lazima awe anasikia.

Aukuso aliwaita watu mwenyewe. Mke wa Mchungaji alikuja na waimbaji wawili wa sauti ya juu. Na Mzee Lefau alikuja, maana Aukuso alikwenda hadi kwake kumwalika, jambo lililotushangaza sote tangu ile faini. Tuliketi ndani ya pikapu na kuzunguka milango. Aukuso alisimama mbele ya gari, nje kabisa, akatutazama kupitia kioo. Anaunga kipande, Esekielu anapiga ubeti wa tatu, yeye anatutazama nyuso, anatoa, anaunga kingine. Hakuuliza kitu. Tukikunja uso anaona.

Lefau alivumilia kidogo, kisha akateremka.

"Aukuso, mbona unatutazama sisi? Ingia usikilize mwenyewe, wewe ndiye mwenye sikio."

Aukuso aliweka koleo chini.

"Sisikii, Lefau. Sauti kama za dada yangu sizisikii tena. Na ile kengele sikuisikia."

Mke wa Mchungaji alishika mdomo. Lefau ni mtu mzito wa kusema. Alitazama mti wa kengele kule mbali, akamtazama Aukuso, akasogea karibu ili mdomo wake uonekane.

"Samaki tumeshawala," akasema. "Nguruwe pia. Hao hawarudi. Lakini lile neno nililokuambia mbele ya watu, nitalirudisha mbele ya watu."

Kisha akarudi kwenye kiti chake akasema kipande kile cha kabla ya hiki kilikuwa bora zaidi. Tukacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Aukuso alikirudisha. Ubeti ukapigwa, na Siniva akasimama katikati yetu, wala hakutuchoma wala hakujificha. Hakuna aliyetikisika. Esekielu alifunika uso kwa mikono miwili. Kutoka mbele ya gari Aukuso alituona, akasema, "Hicho ndicho," akachukua chuma cha moto akakiunga kisitoke tena. Kisha akakijaza kikasha gundi nyeusi mpaka juu, akafunga kifuniko.

Februari 3, Jumanne

Mvua. Lefau amelirudisha neno lake barazani. Mwenye basi mmoja amekuja na kusema anataka kikasha cha pasivu cha mkono wa Aukuso, na kwamba mke wake mwenyewe anaweza kuja kusikiliza. Aukuso amemwambia amlete.

Februari 7, Jumamosi

Ilinyesha alfajiri ikaacha. Kijiji kizima kilikuja, wanawake wa kwaya na nguo zao nyeupe, nazo zimekaa vizuri hata nikisema mwenyewe. Wajukuu wa Siniva waliondoa shuka za lesi kwenye kaburi moja baada ya nyingine. Mchungaji aliomba. Kisha Esekielu akafungua milango ya pikapu.

Tulikuwa tumepatana, mimi na Aukuso. Tungekaa karibu, na Siniva akianza nimguse goti. Besi anaisikia, hatua za wimbo anazijua, lakini alitaka kuambiwa wakati wenyewe, asije akawa analia mahali pasipo pake.

Ubeti wa kwanza ulipita, na wa pili. Siniva akaanza, nami nikasahau kila kitu. Alikuwa kama alivyokuwa jikoni kwangu akimenya taro, anaimba bila kujua kama anasikilizwa. Niliona lesi, niliona mawe mapya, kisha sikuona kitu kwa machozi. Nilipokumbuka goti nusu ya ubeti ilikuwa imekwisha. Niligeuka haraka, nikakuta Aukuso ameshanigeukia kitambo. Ananitazama uso, na machozi yake yanateremka sawa na yangu. Alikuwa ameshajua.

"Anaimba vizuri?" akaniuliza.

Alidhani amenong'ona. Aliuliza kwa sauti kubwa, juu ya wimbo, na kijiji kizima kikasikia. Hakuna aliyegeuka kwa hasira. Mzee Lefau, aliyeketi ng'ambo ya kaburi, alinyanyua kichwa ili aonekane vizuri, akakiinamisha mara moja, ndiyo. Mke wa Mchungaji akafanya vivyo hivyo, na wanawake wa kwaya nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, na Esekielu pale mlangoni mwa pikapu. Aukuso aliwatazama wote, kisha akarudi kwangu, akingojea.

"Anaimba vizuri," nikamwambia.